Kupendeza Hadi Nadapal: Vazi Rasmi la Turkana, Kumi Kushuka Hadi Moja

Kila ukoo una mzee wake wa kusimama mlangoni mwa arusi na kuuliza, "Hilo nalo ni vazi?" Japani nao wanaye. Huko mama wa bwana arusi huvaa kurotomesode, kimono nyeusi yenye nembo tano za ukoo, na maua yake hukaa chini tu, mbali na kifua. Msichana ambaye hajaolewa huvaa furisode, yenye mikono inayoning'inia hadi karibu na vifundo vya miguu. Kila mtu na kimono yake, kila kimono na cheo chake. Halafu Januari inafika, Siku ya Utu Uzima, na vijana wa mji wa Kitakyushu wanajitokeza wamevaa dhahabu, zambarau na manyoya mabegani, kama watu waliopigana na tausi wakamshinda. Wazee wanashika viuno.

Sasa mchukue mzee mmoja kati ya hao, umpandishe gari Lodwar, barabara ya A1, umpitishe Kakuma na Lokichoggio hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Atapata wenzake wa kulalamika nao. Plastiki imeingia kwenye shanga, kitenge kimeingia kwenye vikao vya mahari, fulana imeingia kila mahali. Lakini akikaa kidogo atagundua jambo: huku vitu vya kuvaa hubadilika upesi, ila kanuni ya nani avae nini, na siku gani, haiendi kwa pupa. Nguo inaruhusiwa kuwa mpya kadiri ipendavyo, mradi mvaaji anajua anachosema kwayo.

Basi tunahesabu kuanzia kumi. Kila kipengele kimepimwa kwa kipimo cha haki tulichonacho: hasira ya mzee wa mlangoni, sifuri hadi tano. Mwenye malalamiko ampelekee chifu. Chifu naye yuko arusini.

10. Akala

Tuanze miguuni, kwa sababu ndiko vumbi linakoanzia. Akala ni tairi lililostaafu. Huenda limekwisha kuona Kitale, Lokichar na Lodwar kabla ya kuona kisigino chako. Rangi: nyeusi. Chaguo la pili: nyeusi.

Usicheke. Atakayeshuka garini na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa atapiga hatua kumi mchangani, na kufika kikaoni amevaa viatu vya kijivu. Mwenye akala atafika na rangi ileile aliyotoka nayo nyumbani, na miiba ya migunga haimtishi. Katika nchi hii kiatu rasmi ni kile kinachofika.

Hasira ya mzee: 0. Naye anazo, na zake zina umri mkubwa kuliko zako.

9. Shuka begani

Kitambaa kimoja, fundo moja, bila kifungo hata kimoja. Mwanamume hulipitisha shuka lake chini ya kwapa moja na kulifunga juu ya bega la pili, na hapo amekwisha kuvaa. Fundi hakuhitajika, zipu haikukwama.

Ila usidhani kilicho rahisi hakina sheria. Kimono nayo, ukiitazama, ni kitambaa cha kujizungushia tu. Lakini upande wa kushoto lazima ulale juu ya ule wa kulia. Ukigeuza, umevaa kama anavyovalishwa maiti, na umehudhuria arusi ukiwa marehemu. Shuka halina adhabu kali kiasi hicho, ila fundo legevu mbele ya wakwe ni kesi ya kujitegemea.

Siku hizi shuka limepanda juu ya shati na tai. Utaliona kwenye sikukuu za kitaifa, begani mwa watu ambao asubuhi yake walikuwa ofisini wakitafuta stepla. Na utamwona mgeni aliyenunua lake uwanja wa ndege Nairobi, jekundu, la miraba, akiamini amevaa Kiturkana kumbe amevaa zawadi ya mtalii. Hakuna atakayemwambia. Mgeni ni wa kukaribishwa chai kwanza.

Hasira ya mzee: 1, na yote ni ya lile fundo.

8. Kofia yenye unyoya, na mto wake

Hapa tuheshimiane, maana tunagusa vichwa vya wazee.

Zamani mwanamume wa Kiturkana hakuhitaji kofia. Nywele zake zenyewe zilikandikwa udongo, zikapakwa rangi, zikawekwa vishikizo vya kusimamishia manyoya ya mbuni. Kazi hiyo haikuwa ya nusu saa. Sasa jiulize: mtu aliyejengewa kichwa namna hiyo analalaje? Jibu ni ekicholong, kigoda kidogo cha mti ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto. Shingo inakaa juu yake, nywele zinabaki hewani, na asubuhi muundo uko palepale.

Mwanamke wa Japani wa enzi za mashungi makubwa alikuwa na shida hiyohiyo na dawa hiyohiyo: takamakura, mto mrefu mwembamba wa kuinulia shingo. Watu wawili waliotengwa na bahari nzima wakakubaliana kwamba usingizi ni jambo dogo kuliko nywele. Wenye saluni Lodwar wataelewa.

Udongo umepungua, kofia ya ukingo imeingia, lakini unyoya haukushuka. Nao hauchomekwi ovyo. Wanaume wa Kiturkana wamegawanyika pande mbili, Ngimoru na Ngirisai, na baba na mwana hawakai upande mmoja. Baba akiwa Ngimoru, mwanawe ni Ngirisai, na mjukuu anarudi kwa babu. Mapambo ya pande hizo mbili hayakuwa mamoja, manyoya yakiwemo. Ndiyo kusema mtoto hawezi kumwibia baba yake unyoya akaenda nao ngomani bila kujulikana. Anaweza kumwibia babu.

Ekicholong yenyewe haijastaafu. Mzee wa leo anatembea nayo mkononi, simu mfukoni, fimbo mkono wa pili, na akifika kikaoni haombi kiti cha plastiki. Kamuulize mwenye mkoba wa bei mbaya kama mkoba wake unakalika.

Hasira ya mzee: 0 kwa kofia, 5 kwa mtalii aliyeigeuza ekicholong kuwa kizuizi cha mlango.

7. Abwo juu ya fulana

Abwo ni sketi ya ngozi ya mwanamke, ya nyuma, ndefu. Ngozi ya mbuzi hukwanguliwa, ikapakwa mafuta na kusuguliwa mpaka inalainika na kuanguka vizuri mwilini, halafu kingo zake zinashonewa shanga safu kwa safu. Mbele huvaliwa kipande kingine kidogo zaidi, na cha wasichana kilipambwa tangu zamani kwa vijishanga vyeupe vya ganda la yai la mbuni. Mwenye abwo akitembea, unaisikia kabla ya kuiona.

Siku za kawaida ngozi imeipisha nguo ya duka. Lakini inapofika Tobong'u Lore, tamasha la utamaduni linalofanyika Ekaales mjini Lodwar, abwo zinatoka sandukuni. Wanakuja Wakaramojong na Wajie kutoka Uganda, Watoposa kutoka Sudan Kusini, Wanyangatom kutoka Ethiopia, Wateso, wote ndugu wa jamii ya Ateker. Na kwa kuwa ni ndugu, wanakaguana. Wanawake wa Karamoja wanafika na sketi za vitambaa zenye marinda yasiyohesabika, rangi juu ya rangi, zikiruka nyuma kila wanaporuka. Dada zao wa Turkana wanatazama bila kuonekana kuwa wanatazama. Mwaka unaofuata, usishangae kuona marinda yamevuka mpaka bila pasipoti.

Usasa wenyewe uko juu ya kiuno. Wapo wanaovaa fulana ya shanga tupu, kazi ya mikono, nzito, inayometa. Wapo pia wanaovaa abwo ya heshima kabisa, na juu yake fulana ya kampeni yenye picha ya mgombea aliyeshindwa. Mgombea alianguka, fulana ikapita.

Hasira ya mzee: 3. Alikuwa wakala wa mgombea huyo.

6. Wanamitindo wawili, barabara moja

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Kipande hicho cha barabara kimetoa wanamitindo wawili wa kimataifa. Miji mingine ina mataa ya barabarani, tusilinganishe.

Ajuma Nasenyana ni wa Lodwar. Mwaka 2003 alishinda taji la Miss Tourism Nairobi, akatoka hapo hadi majukwaa ya Ulaya na Marekani, na weusi wake haukupunguzwa hata tone. Aliporudi nyumbani alisema hadharani alichofikiria kuhusu krimu za kuchubua ngozi, na hakikuwa sifa.

Halima Aden alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1997. Mwaka 2016 alishindana Miss Minnesota USA akiwa na hijabu. Mei 2018 akawa kwenye jalada la Vogue ya Uingereza. Mwezi uliofuata alirudi Kakuma kuzungumza kwenye TEDxKakumaCamp, na mwaka 2019 jarida la Sports Illustrated likampiga picha ufukweni Watamu akiwa amevaa vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima. Nguo mpya? Sawa. Rangi kali? Lete. Lakini siku moja walimfunga suruali ya jinzi kichwani mahali pa hijabu, na mambo ya namna hiyo yalipozidi, Novemba 2020 akaliaga jukwaa. Huyo amelelewa na kanuni ya orodha hii bila kuisoma: kitambaa kinajadiliwa, mpaka haujadiliwi.

Hasira ya mzee: 0. Anadai wote wawili ni binamu zake.

5. Kitenge cha Kakuma, chenye shingo ya kuacha nafasi

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata jirani mwaka 2016. Watu wanakumbuka kambi kwa mahema na foleni. Wasiofika hawajui kwamba kwa upande wa nguo za shughuli, hapa ni mji mkuu.

Hebu hesabu kwenye arusi moja tu yenye majirani wema. Mama wa Sudan Kusini ana lawa yake, kitambaa kilichofungwa begani upande mmoja. Mama wa Kisomali yumo ndani ya dirac nyepesi inayopepea bila upepo. Mwethiopia amevaa nyeupe tupu yenye pindo la rangi lililofumwa, na yeye peke yake ndiye anayeogopa mchuzi. Mkongomani na Mrundi wamevaa vitenge vya mishono ambayo ukiieleza kwa maneno utaonekana unatunga. Na Mturkana, mwenye nchi, anawatazama wote akifikiria atakachovaa arusi ijayo.

Atakwenda kwa fundi. Fundi ni Mkongomani, cherehani ni ya kukanyaga, mita imening'inia shingoni, na mazungumzo huwa hivi:

"Karibu mama. Tunashona mkono gani?"

"Wa puto, fundi."

"Puto dogo ama kubwa?"

"Kubwa. Ila shingo uiache wazi."

"Wazi hapa?" Fundi anaweka kidole chini ya koo.

"Shuka."

"Hapa?"

"Shuka, fundi. Unataka shanga zangu zikae wapi, kwa jirani?"

Fundi anakata shingo pana kuliko alivyofundishwa kwao, anaviringa ukingo mara mbili ili uzito wa shanga usiuchane, na tayari umezaliwa mshono ambao hautaupata Bukavu. Hakuna aliyeuandikia sera. Kitenge kimekuja na maua, ndege na mapambo yake yote, kikaambiwa kwa upole kwamba kuanzia mabega kwenda juu pana mwenyewe.

Hasira ya mzee: 2. Anasema puto hizo zingetosha kushonea shuka la mtu mzima, na kwa hilo ana haki.

4. Kanga iliyopitia Kyoto

Wanaosema kimono na mavazi yetu hayajuani, wakae kwanza.

Katika miaka ya 1950 na 1960 kanga nyingi zilizovaliwa Afrika Mashariki zilichapwa Japani. Wafanyabiashara wa hapa walituma michoro na maneno ya Kiswahili, viwanda vya huko vikachapa, meli zikarudi na jozi. Moja ya kampuni zilizofanya kazi hiyo ya vitambaa vya Afrika ni Daido Maruta ya Kyoto, na Kyoto ndio mji unaosifika kuliko yote Japani kwa upakaji rangi wa kimono. Mtu wa mji huo alikaa mezani akapanga pindo, mji na jina la kanga, pengine asielewe neno hata moja la masengenyo aliyokuwa akiyachapa. Huo ndio utaalamu: kusaidia ugomvi wa majirani usiowajua, na rangi zisichuje.

Kwa hiyo nyanya yako, aliyejifunga kanga kwenye maulidi, unyago au mazishi, huenda alikuwa amevaa kazi ya Kyoto kiunoni na nyingine kichwani. Na mwendo haukuwa wa upande mmoja. Serge Mouangue, mzaliwa wa Kameruni, alipokuwa Tokyo alianza kushona kimono kwa vitambaa vya Afrika akaziita Wafrica. Picha zake ukiziona, kimono ni kimono kwelikweli: mikono ileile, mkunjo uleule wa kushoto juu ya kulia, obi, ule mshipi wa kiunoni, mahali pake. Kitambaa tu ndicho kinachokupigia kelele kutoka mbali. Fundi wetu wa namba 5 angemwelewa bila mkalimani.

Leso, ndizo kanga hizohizo, zinauzwa hadi Lodwar na zaidi, za kubebea mtoto, za kufunikia chakula, za kujifunga msibani. Ukitaka kujua leso rasmi ni ipi kati ya hizo, tazama ipi haijawahi kubeba kuni.

Hasira ya mzee: 1. Jina la kanga ya mkewe lilimlenga yeye.

3. Macho ya mchungaji

Wageni husema Waturkana "wanapenda rangi nyingi". Ni sifa ya uvivu. Kupenda rangi hata mtoto anapenda. Suala ni kuzijua.

Muulize mchungaji mbuzi wake aliyepotea yukoje. Hatakuambia "wa kahawia". Atakuambia msingi wa rangi, kisha mabaka yameanzia wapi yakaishia wapi, paji likoje, mgongo una mstari au hauna, pembe zimeelekea wapi, sikio limekatwa alama gani. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Mjapani Itaru Ohta, ambaye baadaye alijulikana sana Chuo Kikuu cha Kyoto (Kyoto tena, wametuzingira), alichapisha utafiti wa jinsi Waturkana wanavyomtambua na kumwita kila mnyama mmoja mmoja. Rangi na mabaka ya ngozi vilikuwa katikati ya kazi hiyo yote. Na mwanamume mwenyewe hupata jina la heshima kutokana na dume lake alipendalo, rangi ya dume hilo ikiwa ndani ya jina. Mtu anaitwa kwa mabaka ya ng'ombe wake na anafurahi. Jaribu hilo na gari lako uone kama litakubali.

Wajapani wa kale nao hawakusoma rangi kwenye makopo. Wanawake wa jumba la kifalme, enzi ya Heian, walipanga mavazi ya hariri tabaka juu ya tabaka, na kila mpangilio wa rangi ulikuwa na jina lake, mara nyingi la ua au mti wa msimu. Ukivaa mpangilio wa majira yaliyopita, habari zako zilifika kabla yako. Wao shule yao ilikuwa bustani. Hapa shule ni zizi, na haina likizo.

Kwa hiyo mwanamke wa Turkana akitandaza shanga chini, akaweka nyeusi karibu na nyeupe, akatia nyekundu katikati na kuikataa njano uliyompa wewe, usimbishie. Amekulia mahali ambapo kuchanganya rangi mbili zinazokaribiana ni kupoteza mbuzi.

Hasira ya mzee: 4, kwa yeyote anayesema "kahawia".

2. Shingo

Mjapani hukaza urasmi wake kiunoni kwa obi yenye zaidi ya mita 4. Mturkana hana haja na kiuno. Ameupandisha wote shingoni.

Mtazame mama aliyevalia shughuli, pole pole, kutoka chini. Mabegani kumelala duara pana la shanga. Juu yake jingine, dogo kidogo. Juu yake jingine. Yanapanda hivyo yakifinyika hadi chini ya kidevu, na kidevu hakina budi kuinuka. Ndiyo maana hujawahi kumwona mama wa Kiturkana amevaa kamili akainamisha kichwa, mhandisi hakuruhusu. Rangi zinakaa kwa mafungu: nyekundu kundi lake, buluu kundi lake, nyeupe ikipita katikati kutenganisha wanaozozana. Pande za kichwa zimenyolewa, nywele za juu zimesukwa vijisuko vinavyoangukia paji na kisogo. Halafu huja mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na udongo mwekundu, yakapakwa shingoni, mabegani na kwenye shanga zenyewe. Rangi zote zinapata mng'ao mmoja, wala huwezi tena kusema shanga zinaishia wapi na ngozi inaanzia wapi.

Aliyeolewa hatafutwi kwa maswali. Ana alagama, pete ya madini shingoni, na mwenye macho haambiwi tazama. Pete za kidoleni hupotea kwenye unga wa chapati. Hii haijawahi kupotea popote.

Sasa njoo kwenye usasa, maana hapa ndipo penye kesi. Shanga nyingi za leo ni plastiki. Zina rangi ambazo bibi hakuzijua: machungwa ya koti la mtu wa bodaboda, kijani cha kalamu ya kupigia mistari vitabuni. Wapo wanaosikitika. Lakini kabla ya plastiki kulikuwa na kioo, na shanga nyingi za kioo zilizofika Afrika Mashariki zilitoka Bohemia, katika Jamhuri ya Czech ya leo. Alumini ya mapambo ya pua na bangili ilitoka kwenye sufuria kuukuu iliyoyeyushwa. Kwanza ilipika uji, halafu ikapendeza. Anayetaka shanga "za asili" aseme anataka za mwaka gani, na kiwanda kipi.

Fundi wa shanga haulizi ulichoshika kimetoka nchi gani. Anauliza zinavaliwa na nani: msichana, bibi arusi au mama wa watoto? Ukijibu vibaya, hata plastiki bora ya China haikuokoi. Ukijibu vizuri, hata vifuniko vya chupa vinaweza kutafutiwa nafasi.

Hasira ya mzee: 2 kwa rangi ya machungwa. Alitoa mifugo kwa ajili ya shingo hiyo, lazima awe na maoni.

1. Kichwa cha meno

Namba moja haiuzwi Lodwar wala Kakuma. Iko Lothagam, karibu na Ziwa Turkana, na ilivaliwa na mtu ambaye hatutajua jina lake.

Kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita, wafugaji wa mwanzo wa eneo hili walijenga makaburi ya pamoja hapo, wakasimamisha nguzo za mawe juu yake. Utafiti ulioongozwa na Elisabeth Hildebrand, uliochapishwa mwaka 2018, ulikadiria waliozikwa kuwa watu 580 au zaidi: wanaume, wanawake, wazee na watoto. Hao si lazima wawe babu za Waturkana wa leo, ambao walifika baadaye sana wakitokea upande wa Karamoja. Lakini karibu kila aliyezikwa alikuwa amepambwa. Shanga za ganda la yai la mbuni. Pete za meno ya kiboko. Na mawe ya rangi: ya kijani-buluu, ya waridi, mekundu, yaliyochongwa na kutobolewa kwa mkono, kila moja likiwa tofauti na mwenzake. Watafiti hawakuona dalili kwamba mapambo yalikuwa ya wakubwa wachache. Mtoto alipambwa. Mzee alipambwa. Shughuli ilikuwa ya wote.

Kisha yuko huyo mmoja. Kwenye kichwa chake palikutwa meno 405 ya vipanya vya jangwani, mabaki ya pambo la kichwani. Wanasayansi wakahesabu: meno hayo yametoka kwa vipanya wasiopungua 113.

Tafadhali usiharakishe. Mtu fulani alikaa na vipanya 113. Akang'oa meno ya mbele, membamba kuliko punje ya mchele, akayapanga moja baada ya jingine bila taa ya umeme wala miwani. Wakati huohuo, kwenye msafara huohuo wa mazishi, jirani yake alikuwa anatoboa jawe la kijani ambalo pengine kila mtu alilisifu zaidi. Nani aliyemruhusu huyu kuleta meno? Hapakuwa na mapokeo ya kuyataja, au kama yalikuwepo, wengine wote makaburini waliyasahau.

Hilo ndilo jibu la kesi yote ya plastiki, kitenge, puto na fulana. Rangi kali si mgeni Turkana. Ilikuwepo kabla ya piramidi ya Giza kukamilika. Nyenzo mpya si utovu wa adabu. Palikuwa na mtu wa kwanza kulitazama yai la mbuni akaona mkufu. Kinachofanya vazi kuwa rasmi ni kwamba watu wamekaa chini wakafanya kazi kwa ajili ya siku moja ya mtu mmoja, na kila atakayemwona ataelewa siku hiyo ni ipi.

Hasira ya mzee: haipimiki. Alifungua mdomo, akauona mkeka wa meno 405, akaufunga.

Basi ukimwendea mshona shanga Lodwar na akakutajia bei ya kukutoa jasho, lipa na ushukuru. Angeweza kukutuma vipanya.